Mirija Yote Miwili Imeonekana

Kwenye thieta yetu kuna daktari anayejitangaza kwa saa. Wenzake husema, "Nimempasua mgonjwa, anaendelea vizuri." Yeye husema, "Dakika hamsini." Kutoa kizazi kwa matundu, bila kumpasua mama tumbo zima, dakika hamsini kuanzia tundu la kwanza la kitovuni hadi mshono wa mwisho. Anazisema kantini, anazisema kwenye lifti, anawaambia hata ndugu wa mgonjwa waliokuja kuuliza kama mama yao ameamka. Sisi wauguzi tukambandika jina, Hamsini, na yeye, kwa jinsi kichwa kilivyomvimba, akadhani tunamsifu.

Mimi ni msimamizi wa thieta hiyo. Nimesimama juu ya sakafu yake ya kijani miaka ishirini na miwili, miguu imenitoka mishipa kwa kusimama, na kazi yangu kubwa siku hizi si kushika vyombo bali kuandika. Daktari mikono yake iko ndani ya glovu, hawezi kugusa kalamu. Anatamka, naandika, mwisho anatia saini. Kwa hiyo kila kilichomo kwenye majalada ya wanawake aliowapasua Hamsini kwa miezi minane tangu aje kwetu ni maneno yake kwa mwandiko wangu.

Ngoja niwaeleze kitu kimoja, msije mkasema namchukia mtu wa watu bure. Kizazi hakikai peke yake mle tumboni. Mbele yake kimebanana na kibofu cha mkojo, na huku na huku pembeni inapita mirija miwili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Ni myembamba kuliko penseli. Inapita karibu sana na pale daktari anapokata na kuchoma mishipa ya damu, kiasi cha upana wa kidole tu. Ukiukata mrija, ukiuchoma, ukiukamata na uzi wakati unashona, mgonjwa hasemi kitu, si amelala? Anaamka, anapewa maua, anaenda nyumbani, na figo inavimba kimyakimya hadi inakufa.

Ndiyo maana daktari mwenye akili zake, kabla hajamaliza, huingiza kamera ndogo kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu, akatulia. Mle ndani kuna vitundu viwili, mlango wa kila mrija. Unasubiri uone kila kimoja kinatema mkojo. Kinatema fyu, kinapumzika, kinatema tena. Vikitema vyote viwili unajua mirija ni mizima, unafunga kazi kwa amani. Dakika tano, au kumi figo zikiwa na uvivu. Sisi tunaita kuchungulia kibofu.

Hamsini hachungulii. "Anayechungulia hajiamini," ndivyo anavyosema, halafu anatazama saa ya ukutani. Ila karatasi ya hospitali ina mstari unaouliza, kibofu na mirija vimekaguliwa? Sasa mstari hauwezi kuachwa wazi, mganga mkuu atauliza. Kwa hiyo kila upasuaji, bado anashona, mgongo amenipa, Hamsini anaimba wimbo wake: "Sista, andika. Mirija yote miwili imeonekana, kulia na kushoto, inatema mkojo vizuri." Na kamera ya kibofu iko kwenye rafu, imefungwa kwenye kitambaa chake, haijaguswa tangu jana.

Imeonekana! Lisikilizeni hilo neno. Lugha yetu ina akili, lakini na waongo nao imewaachia mlango wa uani. Ukisema "nimeiona" umejifunga mwenyewe, tutakuuliza umeiona lini na kwa jicho gani. Ukisema "imeonekana," basi imeonekana tu, imejionea huko huko, hakuna wa kuulizwa. Siku ya kwanza niliuliza. Nikamwambia, "Daktari, tumeiona saa ngapi?" Akanijibu bila kugeuka, "Sista, wewe ni mwandishi au hakimu?" Thieta nzima ikacheka. Nami nikacheka, mtu mzima hovyo, nikaandika. Nikajisemea kila mtu ashike hamsini zake, na huyu si ndiye Hamsini mwenyewe.

Miezi minane niliandika hivyo. Kisha akaja wifi yangu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. Miaka saba iliyopita figo za mume wangu zilikufa zote mbili. Tulikuwa tunampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, amekuwa wa rangi ya majivu, nimeshaanza kuota ndoto za kaburi. Wifi hakuitisha kikao. Alifunga cherehani, akaja hospitali, akapimwa, akatoa figo yake ya kushoto akampa mdogo wake. Akabaki na ya kulia peke yake. Wiki ya sita alikuwa amerudi kwenye cherehani anagombana na wateja.

Lakini mbona nililipia! Tangu siku ile nyumbani kwangu sina mume, nina amana ya watu. Akipiga simu haulizi mdogo wake anaendeleaje, anauliza, "Figo yangu haijambo?" Akija, anafunua sufuria. "Wifi, chumvi yote hii unataka kuiua figo yangu?" Siku moja mume wangu alikunywa soda mbili kwenye harusi, basi nilisemwa mimi wiki nzima, utadhani nilimshika kichwa nikammiminia. Nimenung'unika, nimebamiza vifuniko, nimemsema jikoni peke yangu. Ila asubuhi nikimsikia mume wangu anaimba bafuni, anaimba vibaya kama alivyoumbwa, najua anaimba kwa figo ya nani. Nampenda yule mwanamke. Simwambii, atanipandia kichwani.

Wifi alikuwa anavuja damu. Miaka miwili, uvimbe kwenye kizazi, dawa amemeza mpaka kachoka, kaongezewa damu mara mbili. Mwisho wakamwambia kizazi kitoke. Akanijia.

"Wifi, huyo daktari wenu wa matundu, anajua kazi?"

"Ana mikono myepesi," nikasema.

Ni kweli, mikono anayo. Yaliyobaki sikuyasema. Nilijidanganya kwamba nitakuwepo mwenyewe mle ndani, kwa hiyo hakitaharibika kitu. Na kusema kweli niliona haya. Ningeanzaje kumwambia kwamba daktari haangalii na mimi ndiye ninayeandika kwamba ameangalia?

Siku moja kabla ya upasuaji nilimfuata Hamsini ofisini kwake. Nilimkuta anajitazama kwenye kioo cha dirisha. Nikamwambia mgonjwa wa kesho ni wifi yangu, na kuna jambo kuhusu figo. Akaninyooshea kiganja kama askari wa barabarani.

"Jalada nimelisoma, sista. Wifi yako ni wifi yangu."

Jalada lilikuwa mezani chini ya kikombe chake cha kahawa. Hata ile pini ya kubania ilikuwa haijafunguliwa. Nikalichukua, nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu, FIGO MOJA TU, YA KULIA, nikapiga mistari miwili chini yake. Nikamrudishia na kahawa yake juu.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikaa kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Wifi alipokuwa anasukumwa kuingia alimwambia, "We, usikae na njaa, hiyo figo haijazoea shida." Halafu akanishika mkono akaubana. Mkono ulikuwa wa baridi. Sikuwahi kumwona wifi yangu anaogopa.

Kabla kisu hakijashikwa tuna desturi ya kusimama wote, nasoma jina, nasoma upasuaji, nasoma tahadhari. Nilisoma kwa sauti ya kuita mbuzi: "Mgonjwa ana figo moja, ya kulia!" Mtu wa usingizi, anayewalaza wagonjwa kwa dawa, mzee mmoja mpole ambaye hata akitabasamu hutamjua kwa barakoa, akaitikia kwa kichwa. Muuguzi wa vyombo akaitikia. Hamsini alikuwa anavutavuta kofia yake mbele ya taa. "Sawa, sawa, sawa," akasema. "Anzisheni saa."

Basi ikaanza. Mikono anayo, nimesema, sitamnyima. Kwenye skrini vile vyombo vyake vilikuwa vinakata na kuchoma bila papara, upande wa kushoto ukaisha mapema, akaanza hata kupiga mluzi. Kulia ndiko kulikomtoa mluzi mdomoni. Kizazi kilikuwa kimegandamana, uvimbe umekaa pembeni kabisa, na alipouachanisha damu ikaruka ikafunika kamera. Alitukana. Akafuta, akachoma, ikaruka tena. Mwisho akachukua sindano akapitisha uzi pale pembeni kulia, mara mbili, mapana na kwa kina, akavuta, damu ikakata. Akatazama saa. Dakika ya hamsini na nane. Alikuwa amekwishapitwa na jina lake, na hasira yake yote ilikuwa hapo.

Mtu wa usingizi akainama chini ya meza, akanyanyuka. "Daktari, mfuko wa mkojo haujaongezeka nusu saa sasa."

"Mgonjwa kalala kichwa chini. Mkojo lazima upungue. Mpe maji."

"Nimempa."

"Mpe tena!"

Nilitazama ule mfuko uliokuwa ukining'inia. Hata tone.

Hamsini alikuwa anashona sehemu ya mwisho. Mgongo amenipa, kama kawaida yake. "Sista, andika. Mirija yote miwili imeonekana, kulia na kushoto, inatema mkojo vizuri."

Sikuandika. Niliiweka kalamu juu ya meza.

"Daktari, na wa kushoto umeonekana?"

"Umeonekana."

"Umeuona wewe mwenyewe?"

Akashusha pumzi kama mtu anayesumbuliwa na nzi. "Nimeuona, sista. Kwa macho yangu."

"Unatema?"

"Unatema vizuri sana. Andika tumalize."

"Alhamdulillahi," nikasema, na sauti yangu sikuijua. "Basi hayo ni maajabu, maana figo ya kushoto ya huyu mama imekaa nje kwenye benchi. Iko ndani ya mume wangu. Imekunywa chai."

Muuguzi wa vyombo alikuwa na mkasi mkononi, akabaki nao hewani. Hamsini hatimaye akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane kunitazama wakati ananisomea ule wimbo wake.

"Nilimaanisha," akaanza.

"Ulimaanisha nini?"

"Ni namna ya kusema tu, sista. Ni maneno ya kawaida ya ripoti."

Namna ya kusema! Mtu kasomeshwa miaka kumi na mitano, kapanda ndege kwenda kozi, karudi na cheti chenye fremu, jalada lina wino mwekundu, nimesoma kwa sauti mbele yake, halafu anaona mkojo unatoka kwenye figo isiyokuwepo! Mganga wa kupiga ramli angalau angeuliza kwanza mgonjwa ana figo ngapi. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu kama wa kushoto hakuuona, basi hata wa kulia hakuuona. Na wa kulia ndio uhai wote wa wifi yangu.

"Kamera ya kibofu hii hapa," nikasema. Nilikuwa nimeshaifungua zamani, imelala mezani kwenye kitambaa chake, inamngoja yeye tu.

Hakuwa na pa kukimbilia. Akaingiza. Kibofu kikajaa kwenye skrini, cha waridi, kizima, hakina tundu wala jeraha. Tukashukuru hilo. Akatafuta upande wa kushoto, kitundu kikaonekana, kimetulia kimya kama tulivyojua. Akageuza kulia. Kitundu kipo. Tukangoja.

Dakika moja. Mbili. Hakuna.

"Figo ina uvivu," akasema Hamsini.

Mtu wa usingizi akachoma kwenye mshipa dawa ya rangi, ile ambayo figo ikiipata mkojo unatoka wa njano ya kung'aa, hata kipofu angeuona. Dakika tatu. Tano. Nane. Kile kitundu kilikuwa kimefumba kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, naomba kila dua niliyofundishwa na nyingine za kubuni. Niliwaza, huyu mwanamke figo moja alimpa mdogo wake kwa hiari, ya pili ameporwa na mwanaume anayekimbizana na saa. Niliwaza nitakavyotoka nje kumwambia mume wangu.

"Tungoje kidogo," Hamsini akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye ile kofia aliyoiremba.

"Tumengoja," nikasema. "Rudi tumboni ufungue mshono wa kulia."

"Damu itarudi."

"Itarudi, utaifunga tena. Safari hii kwa kuangalia."

Alimtazama mtu wa usingizi amtetee. Mzee yule mpole akasema, "Rudi, daktari," basi. Muuguzi wa vyombo alikuwa ameshampa mkasi mrefu kabla hajauomba.

Akarudi. Hakupiga mluzi. Akautafuta ule uzi wake wa mapana na kina, akauinua, na pale kwenye skrini tukauona wote, hata mimi niliyesimama mbali. Mrija ulikuwa umevutwa na uzi mpaka pembeni, umekunjwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Juu ya mkunjo umevimba, chini umesinyaa. Hakuukata, alhamdulillahi, alikuwa ameukunja tu. Akakata uzi. Akavuta polepole. Damu ikaja, akaifuta, akautafuta mshipa wenyewe akaukamata peke yake. Alichukua robo saa nzima kwa kazi aliyoifanya mwanzo kwa dakika mbili.

Kisha akarudi kwenye kibofu. Tukakitazama kile kitundu. Nadhani hakuna aliyevuta pumzi humo ndani ila wifi, na yeye alikuwa anavutiwa na mashine.

Fyu!

Njano, ya kung'aa, imeruka mpaka katikati ya kibofu. Kikapumzika. Fyu, tena. Nilipiga kigelegele. Ndiyo, thieta, mimi msimamizi ninayewafokea watu wakikohoa. Machozi yalinitoka yakaloweka barakoa, na chini ya meza ule mfuko ukaanza kujaa kwa rangi ya njano kama mtu kafungulia bomba. Hamsini akapitisha mpira mwembamba ndani ya mrija, uushikilie wiki chache mpaka upone. Saa ilisema masaa mawili na dakika kumi.

"Andika," akasema kwa sauti ndogo. "Mrija wa kulia umeonekana..."

"Nani kauona?"

"Nimeuona."

Nikaandika. Nikaandika na mshono, na mkunjo, na dakika, na kwamba mwanzo alitamka mirija yote miwili imeonekana kabla ya kuchungulia. Nikamsomea neno kwa neno. Akauliza kama yote hayo yalikuwa ya lazima. Nikamnyooshea kalamu, akatia saini.

Mkisikia alivyotoka nje mtacheka. Alimkuta mume wangu kwenye benchi, akamwekea mkono begani, akamwambia, "Ilikuwa ngumu kidogo, lakini tumemudu." Tumemudu! Kaka wa watu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, anashukuru, anainama. Nilitaka kumnasa kofi, sijui nani kati yao.

Siku ya pili wifi alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, anamkosoa muuguzi wa wodi namna alivyokunja shuka. Nikavuta kiti, nikamwambia yote. Sikumficha hata lile la kushoto. Alicheka kwanza, akashika tumbo kwa maumivu, kisha akaacha kucheka.

"Yaani aliukamata na uzi."

"Aliukamata."

"Mimi hayo nayajua," akasema. "Unashona kitambaa cha juu, sindano inachukua na bitana ya chini. Fundi gani hajawahi? Hata mimi. Ila nguo nikimaliza naigeuza ndani nje, naitazama, ndipo nampa mwenyewe. Fundi asiyegeuza nguo huyo si fundi, ni mwizi wa vitambaa."

"Ndiyo hivyo, wifi."

"Na hao wengine?"

"Wengine gani?"

"Wanawake wengine aliowashona. Wasiokuwa na wifi humo ndani. Nguo zao nani aligeuza?"

Nikatazama sakafu. Ya wodi si ya kijani, ni ya kijivu, ina nyufa. Akasema, "Wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Na aliyeandika kwamba wametazamwa?"

Ningeweza kusema ripoti ni ya daktari, saini ni yake. Ningeweza kusema imeandikwa.

"Niliandika mimi," nikasema.

Wifi yangu, mwenye ulimi wa mkasi, aligeuza uso ukutani. Akasema taratibu, "Niitie yule muuguzi mwingine aniletee maji." Jagi lilikuwa pembeni yangu, nimelishika.

Nilienda kwa mganga mkuu mchana uleule na karatasi ya arobaini na nne, ile ya wifi, mkononi, na orodha ya hao arobaini na watatu. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akasema Hamsini asiguse mgonjwa mpaka liangaliwe, na kwamba itaundwa kamati. Nikamuuliza kamati itakaa lini. Akasema mwezi ujao, mwenyekiti yuko safarini. Mwezi ujao! Figo inamsubiri mwenyekiti arudi na sanduku lake! Nikatoka, nikajifungia kwenye stoo ya shuka na ile orodha na simu yangu, nikaanza kupiga.

Wa kwanza alikuwa mzima, anacheka, anasema anabeba ndoo. Nikamwambia aje apimwe hata hivyo. Wa pili alipokea mume wake, akasema atamleta. Wa tatu alikuwa mpishi wa shule. Nilimkumbuka vizuri, mama mnene mcheshi. Simu iliita sana ndipo akapokea, na sauti haikuwa na ucheshi.

"Mama, napiga kutoka hospitali, kule thieta. Nataka kujua unaendeleaje. Huna maumivu ubavuni? Mgongoni?"

"Kushoto," akasema. "Tangu mnitoe kizazi. Na homa jioni jioni. Kupika nimeacha, siwezi kuinua sufuria."

"Mbona hukurudi, mama?"

"Nilirudi. Nilikaa pale mlangoni kwenu asubuhi nzima. Akatoka muuguzi, akafungua jalada langu, akaniambia, mama, hapa imeandikwa mirija yako yote miwili imeonekana ni mizima, hayo ni maumivu ya kawaida ya mshono, nenda nyumbani ukapumzike. Nikaenda."

"Muuguzi gani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

Nadhani alifikiri namtania.

"Si wewe, sista?" akasema. "Sauti ndiyo hii hii."